Online TV zinatuuzia vimbunga: Jobo tulilala na viatu, Hidaya tukacheka, walioumia ni Kilwa na Mafia

Bwana Feri (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa angalizo lao la kawaida, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 ukanda wa pwani, kitu ambacho tunakisikia kila kusi ikishika kasi, haya nafungua YouTube nakutana na online TV moja (jina naliacha, mnazijua) imeandika "DAR HATARINI!! BAHARI YACHAFUKA, TMA WATOA TAMKO ZITO". Picha waliyoweka ni hoteli imezama nusu na wimbi linapita juu ya minazi. Nikasema ngoja nisikilize labda kuna jipya. Hakuna. Jamaa anasoma karatasi ile ile ya TMA kwa sauti ya tanzia, chini yake muziki wa filamu ya kutisha, katikati anakumbusha tu-subscribe na tubonyeze kengele.

Kwa wasiojua, karatasi za TMA zina ngazi. Manjano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Hii ya juzi ni manjano. Na ukisoma chini kabisa kuna mistari miwili, mmoja unasema uwezekano wa kutokea na mwingine unasema kiwango cha athari, na yote ilikuwa imeandikwa WASTANI. Hiyo mistari miwili sijawahi kumsikia mtangazaji hata mmoja akiisoma. Wanaishia kwenye orodha ya mikoa maana mikoa ikiwa mingi ndo kichwa cha habari kinanoga.

Sasa turudi nyuma kidogo. Aprili 2021 kilikuja Jobo. Kimbunga kidogo kile, kilipita kaskazini ya Madagascar kikawa kinakuja upande wetu, na kadiri kilivyosogea ndivyo kilivyokuwa kinachoka, na wataalamu walikuwa wanalisema hilo. Ila ungefungua simu yako wikiendi ile ungedhani Dar inafutwa kwenye ramani kabla ya Muungano. Watu walilala na viatu. Asubuhi ya tarehe 25 tunaamka, kimvua, mawingu, daladala zinaita abiria kama kawa. Mji mzima ukacheka wiki nzima.

Halafu Mei 2024 kikaja Hidaya, na hiki kilikuwa kimbunga kweli kweli, si cha mchezo. TMA wakatoa taarifa moja baada ya nyingine. Unajua watu walifanya nini? Walitengeneza meme. Kila mwenye shemeji anaitwa Hidaya alitaniwa hadi akazima data. Kwa nini tusicheke wakati waliotuambia Jobo anatumaliza ni hao hao, kwa sauti ile ile na muziki ule ule?

Na hapa ndo penye hoja yangu maana najua kuna mtu atasema afadhali kutishwa kuliko kufa. Sina tatizo na kutishwa. Tatizo langu ni kwamba wanaitisha Dar, na kimbunga kikishaikosa Dar wanazima kamera. Jumamosi ile tarehe 4 Mei waandishi walikuwa wamejipanga Coco Beach na Feri wanasubiri wimbi. Usiku TMA wakatangaza Hidaya kimepungua nguvu baada ya kuingia nchi kavu kisiwa cha Mafia. Online TV zote: "TANZANIA YANUSURIKA". Jamani Mafia iko Tanzania. Kilwa iko Tanzania. Kule ndo shughuli ilikuwa inaanza.

Karibuni.

Napita Tu

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

dada wa Mabibo

Nimecheka eti muziki wa tanzia 😂 Hiyo Jobo mimi mama mwenye nyumba alitugongea mlango saa tano usiku tuhamishe vitu vya chini viwekwe juu ya kabati. Tukahamisha. Asubuhi akatuambia tuvirudishe tusije tukavunja kabati lake.

Ila mleta uzi umesahau kitu kimoja, mtangazaji wa Coco Beach. Alikuwa LIVE, kavaa koti la mvua la njano, anapiga kelele "kama mnavyoona hali si shwari!!" na nyuma yake kuna kaka anachovya muhogo kwenye pilipili, ametulia kabisa, hata hageuki.

Boksi la Ughaibuni

Mkuu hiyo sio ya Bongo peke yake, hii ni ndugu moja dunia nzima. Niko huku Marekani miaka sasa na nawaambia wenzetu ndo waasisi. Mwaka 2005 kuna mwandishi wa NBC alikuwa anaripoti mafuriko New Jersey, kipindi cha asubuhi cha taifa zima kile, yuko ndani ya mtumbwi mdogo anapiga kasia kwa taabu anaeleza maji yalivyo, ghafla wakapita wanaume wawili kati yake na kamera WANATEMBEA. Maji yamefika kifundo cha mguu. Studio wakashindwa kujizuia kucheka.

2018 tena, kimbunga Florence, Wilmington North Carolina, mtangazaji wa Weather Channel ameinama, miguu ameitanua, anayumba huku na kule kana kwamba upepo unamchukua. Nyuma yake wanapita vijana wawili wamevaa kaptula, mwendo wa kwenda dukani. Ile video ilizunguka dunia. Kampuni ikamtetea, wakasema yeye amesimama kwenye majani yameloa na wale wapo kwenye zege, na kwamba alikuwa amechoka kwa kufanya kazi hadi usiku mwingi. Inawezekana ni kweli, lakini nani alisikiliza?

Na theluji ndo usiseme. Hiyo hiyo Weather Channel tangu 2012 inazipa dhoruba za theluji majina yake yenyewe wakati idara ya serikali ya hali ya hewa haizipi majina. Jina likishapatikana tangazo linauzika. Wakitangaza theluji jioni, maziwa na mikate dukani inaisha, theluji yenyewe inakuja kama unga uliomwagika mezani.

Mwanafunzi wa Mawingu

Wakuu mimi nimesomea haya mambo kidogo (sifanyi kazi TMA, msije mkanitukana mimi), niongeze nyama.

Kwanza kwa nini vimbunga vinatuchezea akili. Ili kimbunga kizunguke kinahitaji ule msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, na msukumo huo karibu na ikweta ni dhaifu sana. Ndo maana ndani ya nyuzi kama tano kutoka ikweta ni nadra mno kukiona. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini, Mtwara nyuzi 10. Tuko ukingoni. Halafu Madagascar imekaa pale inapokea vingi vinavyotoka mashariki. Kwa hiyo vinavyotufikia ni vichache na vingi vinafika vimechoka. Ila vichache sio sifuri, na hilo neno ndo watu hawalisikii.

Pili majina. Watu wanadhani TMA ndo wanabatiza. Hapana. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna orodha inaandaliwa kabla ya msimu kwa herufi, nchi za ukanda zinachangia majina, na jina linatolewa na Madagascar au Mauritius mfumo ukifika nguvu fulani. Msimu ule wa Hidaya ulianza na Alvaro, Belal, Candice ukaja hivyo hivyo hadi Gamane, Hidaya, na wiki chache baadaye Ialy.

Tatu, hii ndo nawaomba muishike. Mkiona picha ya setilaiti ya kimbunga kwenye hizo online TV angalieni kinazungukia wapi. Huku kwetu kusini mwa ikweta vimbunga vinazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa. Kaskazini, Marekani na Japani huko, vinazunguka kinyume. Kipindi cha Hidaya nilitumiwa picha kwenye magrupu, imeandikwa "Hidaya kikiwa kilomita chache kutoka Dar", jicho limetulia zuri, mikono mirefu, kinazunguka KINYUME cha saa. Hicho ni kimbunga cha kaskazini mwa ikweta, pengine kilishapita miaka na miaka huko Florida, kimeletwa kututisha sisi Temeke. Na mtu aliyenitumia ni mwalimu wangu wa sekondari.

Bwana Feri

Duh hiyo ya mshale wa saa nimeipenda mkuu. Nimerudi kwenye ile video ya juzi sasa hivi. Kinyume cha saa. Na angalizo lenyewe hata halikuwa la kimbunga, lilikuwa la upepo!!

Mvuvi wa Nyamisati

Samahani wakubwa mimi niseme kama mtu wa baharini. Mleta mada umeanza kwa kudharau angalizo la manjano, kilomita 40 na mita mbili. Wewe uko juu ya lami. Mimi nina ngalawa. Mita mbili kwangu ni habari ya kufa na kupona, hiyo "wastani" unayoisema wewe ikinikuta nje ya mwamba na tanga limeloa siioni wastani yake.

Shida yangu na hao watangazaji ni tofauti na yako. Mimi nataka kujua upepo unageuka saa ngapi, unatoka upande gani, na unatulia lini. Nasikiliza dakika zote hizo simsikii akisema. Anasema bahari imechafuka. Bahari gani? Kati ya huku delta ya Rufiji na Tanga ni mbali, kunaweza kuwa shwari huku na kule hakukaliki. Sikuhizi tunamsikiliza mwenyekiti wa BMU (kile kikundi cha kusimamia mwalo) tu, anaisoma karatasi ya TMA anarekodi sauti anatuma kwenye grupu, dakika moja, kamaliza. Hana muziki.

Lakini vijana ndo wanaharibika. Wameshasikia hatari hatari mwaka mzima, sasa ukimwambia leo usitoke anakujibu "mzee hiyo ni ya YouTube".

Bwana Feri

Mzee wangu shikamoo. Nimekupata, sikudharau angalizo, ninalalamikia namna linavyopikwa likifika kwetu. Ila ulivyosema wewe ni bora kuliko nilivyosema mimi.

Mkaazi wa Likoni

Huku Kenya nasi tuna yetu. Oktoba 2023 tuliambiwa na rais mwenyewe kwamba watu wa hali ya anga wamesema El Niño haitakuwepo tena kama ilivyotabiriwa, magazeti yakabeba, watu wakapumua. Novemba maji yakaja, barabara zikakatika, zaidi ya watu mia wakafa kabla ya mwaka kuisha. Sasa 2024 Aprili mafuriko tena mabaya zaidi, Mai Mahiu watu wakasombwa usiku wa kuamkia tarehe 29, nchi iko kwenye matanga, ndipo Ijumaa ya tarehe 3 Mei tunaambiwa shule hazifunguliwi na kuna kimbunga kinaitwa Hidaya kinakuja pwani.

Weh! Redio za huku zikachachamaa. Mimi nilikuwa feri ya Likoni asubuhi yake, kuna wamama wanauza mahamri wanaulizana kama watarudi nyumbani au walale Mombasa. Upepo ulikuwepo na mawimbi yalikuwa makubwa, sisemi uongo, lakini ile picha iliyokuwa kwenye vichwa vya watu ilikuwa ingine kabisa. Na walipoona Hidaya imeishia kwenu, kuja kutajiwa Ialy wiki mbili baadaye hakuna aliyegeuza shingo.

Kwa hivyo shida si kutisha peke yake, shida ni kutisha na kutuliza kwa kubahatisha. Leo hakuna kitu, kesho mwisho wa dunia, kesho kutwa kimya.

Mtu wa Nangurukuru

Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa niandike maana mleta mada umetaja Kilwa na wengi humu Kilwa mnaijua kwa magofu ya Kisiwani tu.

Upepo wa Hidaya ulitupiga Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi na Jumamosi yenyewe. Mabati yaliruka, migomba ililala, minazi mingine iling'oka na mizizi. Sawa. Watu walijua, serikali ya kijiji ilipita na kipaza sauti, wale wa mabondeni wengi walishahama kwa ndugu. Upepo ule tulikuwa tumeambiwa. Ni MVUA ambayo hakuna mtangazaji aliyeizungumza. Kwenye karatasi ya TMA ilikuwepo, upepo mkali NA mvua kubwa, ila kwenye simu zetu ilikuwa upepo upepo upepo, kwa sababu upepo ndo una video.

Mvua ikamwaga, mito ikajaa, na kumbukeni ilikuwa inanyeesha juu ya ardhi iliyokwisha kushiba, mwaka ule wa El Niño Rufiji na Kibiti walikuwa ndani ya maji tangu masika yanaanza. Barabara ya Kilwa ikakatika. Sio mashimo, ilikatika, pale Somanga, pale Mikereng'ende, unasimama ukingoni unaona lami imening'inia kama ulimi na chini maji ya kahawia yanakwenda. Kusini nzima hakuna njia. Lindi na Mtwara kwenda Dar ikawa uzunguke Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa. Angalia ramani uone huo mzunguko kisha ujiulize nauli.

Mimi nilikuwa upande wa kusini wa mkato. Mabasi yamepanga foleni, malori nyuma yake siwezi kuona mwisho. Kuna Fuso ya nyanya, dereva kijana wa Kibena, siku ya kwanza alikuwa anazigeuza geuza tenga moja moja, iliyofuata akaanza kugawa bure kwa abiria wa mabasi, mwisho akafungua mlango wa nyuma akaacha zichuruzike. Vijana wa hapo wakageuka wachukuzi, wanavusha watu na mabegi kwa mgongo pale maji yalipopungua, bei ya mtoto mbali, bei ya begi mbali, mama mja mzito wakamvusha bure hilo niliwavulia kofia. Kijijini mafuta ya bodaboda yakauzwa kwenye chupa za maji kwa bei ya kumkomoa mtu.

Kamera zilikuja lini? Zilikuja na waziri. Bashungwa, alikuwa Waziri wa Ujenzi wakati ule, alikuja akapiga kambi na makandarasi, na msafara wake ukaja na magari ya waandishi. Wakapiga picha greda, wakapiga picha waziri ana buti, stori ikawa "Serikali yafanya jitihada". Yule dereva wa nyanya hakuna aliyemuuliza jina.

Na sio mara ya kwanza. Aprili 2019 kimbunga Kenneth, Mtwara walifunga shule na ofisi, waandishi wakajaa. Kikapiga ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, kimbunga kikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kuingia Msumbiji, watu zaidi ya 40 wakafa. Huku kichwa cha habari "Mtwara yanusurika", kesho yake wamepanda basi wamerudi. Ng'ambo ile ni ndugu zetu, Wamakonde hao hao, tunazikana. Huko kuna watu tulikuwa tunawatafuta kwenye simu hawapatikani, tukawasha redio, wanazungumzia mpira.

Napita Tu

Nimesoma hii mara mbili. Pole sana mkuu.

Kamera Mbovu

Mimi ni mwandishi. Nafanya kazi kwenye moja ya hizo mnazozitukana, na sitoi jina kwa sababu bado nakula hapo.

Niwaambie inavyokuwa. Taarifa inaingia jioni kwenye grupu la WhatsApp la waandishi, PDF. Mhariri anasema nataka iwe hewani ndani ya nusu saa maana wenzetu wameshaweka. Naandika "TMA yatoa angalizo la upepo". Anafuta, anaandika HATARI. Kesho yake tunaonyeshana takwimu, ile ya HATARI imeangaliwa na watu mara nyingi kuliko stori ya maji ya Mbagala niliyoihangaikia wiki nzima. Nani aliibonyeza? Ninyi. Mleta uzi mwenyewe amekiri ameifungua na ameisikiliza mpaka mwisho!!

Kilwa. Mkuu wa Nangurukuru una haki yote ya kutuchukia. Ila kumpeleka mtu Kilwa ni gari, mafuta, posho, pa kulala. Gari ni moja na siku hiyo liko kwenye mkutano wa kiongozi. Waandishi wetu wa mikoani wengi wanalipwa kwa stori, stori ikitoka ndo unalipwa, na hela yenyewe haifiki nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo anasubiri msafara wa waziri maana kwenye msafara kuna siti ya bure. Sio kwamba hatujui habari iko wapi.

dada wa Mabibo

Kaka pole na kazi lakini hiyo ya "nani aliibonyeza" ni ya kutupiga changa la macho. Mkiandika hatari na mtu ana mama yake Mafia asibonyeze?

Mwanafunzi wa Mawingu

Kamera Mbovu hapo kwenye picha ya Florida je, nayo ilihitaji mafuta na posho? Picha halisi za setilaiti zinatoka bure kila baada ya muda mfupi.

Kamera Mbovu

Hapo sina utetezi. Graphics anaandika neno "cyclone" kwenye Google anachukua ya kwanza.

Mpemba wa Wete

Assalaam aleykum. Miye naona mnazungumza kana kwamba vimbunga vimeanza na YouTube. Zanzibar tushapigwa na tufani la kweli, tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, ndio kwanza keshika ufalme. Unguja mikarafuu mingi mno iling'olewa, majahazi na meli zilizokuwa bandarini zikavunjwavunjwa. Pemba ikasalimika kiasi kikubwa. Ndipo karafuu ikawa ya Pemba mpaka leo. Kwa hiyo hata uchumi wetu una alama ya kimbunga kimoja, na siku zile hakuna aliyekitangaza.

Na hizi online TV zikisema "haijawahi kutokea" basi mimi hufunga simu.

Mtu wa Nangurukuru

Na Lindi 1952, tarehe hiyo hiyo 15 Aprili. Bibi yangu upande wa mama alikuwa hajui mwaka wake wa kuzaliwa lakini alijua alikuwa ana mtoto mgongoni kimbunga cha Lindi kilipoezua nyumba. Wazee kule walikuwa wanahesabu umri hivyo, kabla ya kimbunga au baada ya kimbunga. Kenneth walipotangaza, wazee walihama bila kusukumwa, vijana ndo walibaki wanachukua video.

Boksi la Ughaibuni

Hapo ndo penyewe. Huku Marekani wanaokufa kwenye vimbunga wengi huuawa na maji, upepo unafuata nyuma sana. Lakini mtangazaji amesimama kwenye upepo kwa sababu maji yanayopanda taratibu mtaani usiku hayana picha.

Kolo wa Mbagala

Mimi naomba kuuliza, ile Chido ya Desemba 2024 mbona nayo magrupu yalisema inakuja kutumaliza?

Mwanafunzi wa Mawingu

TMA walisema mapema haitupigi moja kwa moja, mkuu. Ikaipiga Mayotte, kile kisiwa cha Wafaransa karibu na Comoro, tarehe 14, kesho yake kaskazini ya Msumbiji. Mayotte ilisambaratika, mitaa ile ya mabati Mamoudzou ilibaki vipande, walisema hawajaona kitu kama hicho kwa karibu miaka 90. Sasa fikiria, mtu wa Dar aliyetishiwa Chido na hakuona kitu, kichwani kwake Chido ni "nayo ilikuwa chai". Kumbe mwendo mfupi tu wa bahari watu wanachimbua ndugu zao kwenye mabati.

Kolo wa Mbagala

Aisee. Mimi kweli nilikuwa naiweka kundi moja na Jobo.

Shemeji wa Jobo

Mimi sina hoja nzito. Shemeji yangu kipindi cha Jobo alinunua unga kiroba kizima, mishumaa, na dumu la mafuta ya taa wakati nyumba haina hata jiko la mafuta ya taa. Lile dumu lipo hadi leo stoo na mtu akigusa anaambiwa "acha, hilo la kimbunga". 😂😂

Mvuvi wa Nyamisati

Huyo shemeji yako ana akili. Siku ikija ya kweli mtamlilia.

Bwana Feri

Wakuu nashukuru kwa michango. Kamera Mbovu mimi nakuuliza kitu kimoja bila matusi. Siku kingine kikija, na kitakuja maana msimu ni Novemba hadi huko Aprili Mei, mnaweza angalau kusoma ile mistari miwili ya chini? Uwezekano na athari. Haihitaji gari. Na mkishamaliza Coco Beach mpigie simu hata mtu mmoja wa Mafia na mmoja wa Kilwa kesho yake asubuhi, muweke sauti yake hewani. Simu tu.

Kamera Mbovu

Mistari miwili nitaisoma, nitapambana na mhariri. Ya simu naiweza kabisa, shida huwa ni namba, tukitafuta mtu wa kule tunaishia kwa mkuu wa wilaya naye anasema hali ni shwari na wananchi waendelee na shughuli zao za kila siku. Mtu wa Nangurukuru nimekutumia PM, naomba namba yako na ya mtu mwingine unayemwamini wa Somanga, na kama una wa Mafia Kilindoni nitashukuru.

Mtu wa Nangurukuru

PM nimeiona. Wa Somanga yupo, ana bodaboda anapita pale kila siku. Wa Kilindoni ni binamu yangu anauza samaki. Ila umwambie mhariri wako siku hiyo umeme utakuwa umekatika, kwa hiyo bando na hela ya kuchajia atume mapema, asisubiri barabara ikatike.

Mkaazi wa Likoni

Na mhariri akifuta akaandika HATARI?

Kamera Mbovu

Basi mtaona HATARI halafu ndani mtamsikia muuza samaki wa Kilindoni. Tuanzie hapo kwanza.